Mkaja Waliouleta Mabruda

Wenzangu wa sokoni Lizaboni wanaamini nilimtoa mwanangu awe mtawa kwa moyo mweupe. Wananipongeza hadi leo. Mimi huwa nanyamaza, naendelea kupima dagaa zangu, maana ukweli ni kwamba nilimtoa kwa wivu, na wivu wenyewe bado ninao.

Walionichukulia mwanangu ni mabruda wawili wa Kifransisko, wazee, wenye kanzu za kahawia na kamba nyeupe kiunoni. Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Mfupi macho yake yalikuwa yameshafifia, kwa hiyo walikuja sokoni wote wawili, mrefu akimsimulia mwenzake anachokiona: dagaa hawa wamekauka vizuri, hawa wana mchanga, na mama mwenye meza leo amenuna. Mfupi akacheka. Binti yangu, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kidato cha nne na ananisaidia kuuza, akacheka naye. Balaa langu lilianzia hapo.

Akaanza kwenda kwao Jumamosi, huko chini ya milima ya Matogoro, kuwasaidia kazi za bustani. Nilimruhusu mwenyewe. Angekuwa anakwenda kwa kijana wa bodaboda ningejua la kufanya: ningefoka, ningemfungia ndani, halafu ningemtafuta huyo kijana nimpe vidonge vyake. Lakini kwa mabruda utamfokea nani? Mji mzima ulikuwa unasema wale wazee ni watakatifu. Na kweli walikuwa watakatifu, hilo ndilo lililoniudhi.

Akirudi, habari zilikuwa zao tu. Mezani kila mmoja anamsukumia mwenzake kipande kikubwa cha nyama, wanasukumiana mpaka kinapoa. Wamegombana juu ya kumwagilia kabichi, na kabla ya sala ya jioni mrefu amepiga magoti shambani, kwenye matope, kuomba msamaha, na mfupi naye amepiga magoti akipapasa kumtafuta alipo. Mwanangu alisema hakuwahi kujua kwamba watu wasiozaliwa tumbo moja wanaweza kupendana hivyo, na kwamba lazima Mungu anakaa katika nyumba ile. Nilikuwa nachambua maharage. Nikamwuliza, na humu ndani anakaa nani? Akadhani namtania.

Hakuelewa. Baba yake alifariki yeye akiwa hajaanza kutembea. Tangu hapo tulikuwa mimi na yeye, chumba kimoja, kitanda kimoja mpaka miguu yake ilipoanza kunipiga teke. Nilikuwa najua kikohozi chake cha vumbi na cha baridi. Nilijua, au nilidhani najua.

Siku moja nikafunga mfuko wa dagaa wazuri wa Nyasa nikawapelekea mwenyewe, kusema kweli ili nikaone kuna nini huko kinachomvuta. Mrefu alinipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akasema watapika jioni, ila binti wangempikia mboga za majani, kwa sababu dagaa hapendi. Nikauliza, hapendi tangu lini? Akashangaa kidogo. Tangu mdogo, akasema, alituambia mwenyewe.

Nilimlea mtoto yule kwa dagaa. Wa kuchemsha, wa kukaanga, wa nyanya, wa karanga siku za sikukuu. Nilisimama kwenye uwanja wa mabruda nikajiona bwege. Nilipomwuliza nyumbani, aliinamisha kichwa, akasema hakutaka kuniumiza, kwani ndicho chakula tulichokuwa nacho na ndiyo kazi yangu. Lilikuwa jibu la mtoto mwema, na lilinichoma kuliko kama angenitukana. Kwangu alikuwa anameza, kwao anasema.

Aliponiambia anataka kujiunga na masista Wafransisko sikushangaa. Nilikasirika tu, na akaenda. Miaka ya malezi ya utawa ikapita. Jumapili alikuwa anapiga simu: mzima mama, mzima, biashara inakwendaje, inakwenda. Halafu nakutana na mrefu sokoni, ananieleza kwamba binti alikuwa na malaria lakini sasa hajambo, kwamba hesabu zinamsumbua, kwamba anaota ndoto za baba yake. Ndoto za baba yake. Mume wangu mimi. Nilikuwa nampimia dagaa pungufu siku hizo, na sijuti.

Ilipokaribia siku ya nadhiri zake za kwanza, nikamwambia kwenye simu kwamba siendi. Nikamwambia kwamba binti akitoka kwao kuolewa, watu huja, hubisha hodi, hukaa, huongea kwa adabu, na mama hupewa mkaja, kile kitambaa cha kuliheshimu tumbo alilolifunga baada ya kuzaa. Mimi nani ananiletea mkaja? Huyo bwana harusi wako hana wajomba hapa Songea.

Bila shaka aliwaambia mabruda. Jumapili iliyofuata, mchana, nikasikia “Tumsifu Yesu Kristo” mlangoni. Walikuwa wao, mrefu amemshika mwenzake kiwiko, mfupi amekumbatia kifurushi. Wakakaa kwenye kochi langu kama washenga, magoti pamoja. Ndani ya kifurushi kulikuwa na kitenge, doti nzima, cha rangi ambayo nisingeichagua. Mrefu akaanza maneno ya heshima, wamekuja kwa niaba ya ukoo wa bwana harusi. Nilitaka kucheka na nilitaka kuwafukuza. Nikawaambia mkaja huletwa na upande wa mwoaji, na wao si upande wa mwoaji, wao ndio walioniibia. Mrefu akatazama chini. Mfupi, ambaye hakuweza kuona uso wangu, akageukia sauti ilikotoka.

“Mama, siku ya nadhiri zangu mama yangu alikataa kuja,” akasema. “Huyu mwenzangu ndiye aliyekaa kwenye nafasi yake. Urafiki wetu ulianzia pale, na amenitosha kwa mengi. Lakini ile nafasi hakuijaza.”

Nafikiri alitaka kunitia huruma, na iliniingia kidogo. Ila nilichokiona mimi ni benchi la mbele kanisani, wale wawili wamelikalia, na mwanangu anageuka, anawaona, anatabasamu, anatosheka. Nikakichukua kitenge mikononi mwa mfupi haraka.

“Nitakuja,” nikasema. “Na benchi nitalikalia mwenyewe.”

Nilikwenda nimejifunga kile kitenge kiunoni. Kwenye benchi niliweka mkoba kulia na mwavuli kushoto. Mabruda wakakaa nyuma yangu, na Misa nzima nikawa namsikia mrefu akimnong'oneza mwenzake: sasa amepiga magoti, sasa anasoma, mkono wake haujatetemeka. Walikuwa na maneno ya kila kitu, na mimi niliyemzaa nilikuwa natoa jasho tu.

Mwanangu alipomaliza nadhiri, masista wakamvika shela, vigelegele vikapasua kanisa, naye akashuka kunisalimia. Akanikumbatia. Kwa mbali alionekana ametulia, kila mtu alisema hivyo baadaye, lakini mimi nilimshika na mwili wote ulikuwa unatetemeka. Akaleta mdomo sikioni kwangu.

“Mama, naogopa.”

Najua mama mwema angesema nini pale. Mimi nilimwuliza, “Umewaambia mabruda?”

“Hapana,” akasema. “Wewe tu.”

Mabruda walikuwa wamesogea kando yetu; nikageuka taratibu, nikawapa wote wawili mgongo wangu, nikamshikilia mwanangu mpaka sista mkuu akanigusa bega.