Kijiko cha Chokaa

Nilimpa chokaa. Kwa muda mrefu nimesema sikumpa, nikamwambia hivyo daktari wa mifugo, dada yangu, hata jirani ambaye hakuuliza. Kijiko kimoja kila asubuhi juu ya uji wa dona, ile chokaa ya kuku wa mayai inayopimwa kwa kilo madukani hapa Mpanda. Niliwaza kwamba kinachokaza ganda la yai hakiwezi kushindwa na mfupa wa mtoto wa mbwa. Nina shahada mbili.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa dada yangu, mfuga nyuki wa Inyonga. Nilitakiwa nimlee mpaka atimize mwaka, kisha akalinde ghala la asali. Daktari alinionya mapema: mbwa wa mbegu kubwa hulelewa polepole, asinenepe, asiongezewe madini, maana mifupa ikiharakishwa viungo havikai sawa, na unene huuchosha moyo. Niliandika yote kwenye daftari.

Basi mtoto akawa mwembamba, kama ilivyoelekezwa. Jirani yangu mwenye duka akamtazama kutoka upande wake wa ukuta.

"Mwalimu, huyo umemfungisha?"

"Anakua polepole."

"Sisi tunafunga mwezi mmoja tu, mwalimu. Huyo ataiona Idi kweli?"

Kwetu mnyama mwenye mbavu za kuhesabika ni aibu ya mwenye nyumba. Wiki haikuisha, nikaongeza uji, dagaa na kile kijiko. Baada ya miezi mitatu alikuwa mzito kama beberu, na jirani akasema, "Sasa huyo ni mbwa wa mtu." Nilifurahi kuliko nilivyofurahia mahafali yangu.

Kisha akaanza kukimbia kama sungura, miguu ya nyuma ikiruka pamoja. Nilidhani anacheza. Siku aliposhindwa kupanda ngazi mbili za baraza, daktari alikuja, akambonyeza nyonga, akasikiliza kifua kwa muda mrefu.

"Mama, kuna madini yoyote umempa?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Daktari, mimi nasoma maandishi ya kila mfuko."

Ilikuwa kweli. Mfuko ulikuwa na picha ya kuku.

Nilimpeleka Mbeya akapigwe picha za eksirei. Dada yangu alikuwa akiuliza kila Jumapili anakuja lini, nami nikijibu bado kidogo. Sikulia, sikulala vibaya. Nilipika, nikasahihisha insha za watu.

Alhamisi asubuhi daktari alipiga simu.

"Moyo ni mzima. Nyonga zote mbili zimeharibika. Atatembea, ila kulinda ghala, hapana. Mama, kweli hukumpa madini? Hata chokaa ya kuku?"

"Kijiko kila siku."

"Cha chai?"

"Cha mezani."



"Mbegu ina sehemu yake, na wewe una yako. Inyonga haendi. Huyo umebaki naye. Dada nimwambie mimi?"

"Mwambie wewe," nilisema.