Mikono ya Takbira

Jumatatu, nikingoja zamu yangu kwenye dispansari ya Kindu, nilimsikia mpakia mizigo wa gatini akiomba cheti cha kupumzika. Bega lilimuuma kila alipopandisha gunia juu ya rundo, na bila cheti Mbelgiji msimamizi wa gati angemwandika mtoro. Muuguzi alimtazama kwa jicho la pembeni.

“Weye muongo. Ijumaa nilikuona musikitini, mikono ilifika kwa masikio.”

“Ile njo takbira, munganga. Nani anabebaka gunia na masikio?”

Akakunja viwiko, akafikisha viganja masikioni bila shida. Kisha akanyoosha mkono kuelekea rafu ya dawa. Ulipofika usawa wa bega ulikwama, jasho likamtoka. Muuguzi alimwambia arudie mara tatu, ukakwama palepale. Ndipo akaandika: wiki mbili asiinue kitu juu, akande bega kwa maji ya moto, aubembeze mkono taratibu.

Nilimcheka muuguzi kimoyomoyo mpaka nilipofika nyumbani. Marehemu mke wangu alikuwa amelihamisha kopo la chumvi kutoka rafu ya juu hadi ya chini, nami nikamwambia ni uvivu. Sikumwomba hata mara moja anyooshe mkono. Kopo bado liko chini.