Bihogo wa Ufukweni

Ng'ombe walipofika mteremko wa mwisho na kuliona ziwa, walisimama. Kabera naye akasimama. Alikuwa mtu wa Karuba, aliyezaliwa katika ukungu na kukulia nyuma ya mifugo ya baba yake, mpaka Mzungu mmoja alipolima malisho yote ya kule juu. Maji mapana namna ile hakuwahi kuyakaribia. Aliambiwa kwamba nyasi za ufukweni, upande wa Kirotshe, hazina mwenyewe.

Zilikuwa naye. Mvua haikuwa imekatika, Mzungu mwingine, mwenye shamba la kahawa, akaanza kusimika nguzo za uzio.

Dada yake, Madamu Françoise, ndiye aliyekuja na kiti cha kukunja na sanduku la chaki za rangi. Kila asubuhi alikaa mbele ya Bihogo, ng'ombe aliyekuwa fahari ya Kabera, mwekundu aliyekolea, pembe zimeinuka kama mikono ya mcheza ngoma. Kabera alimshikia kamba. Madamu alichora, akapangusa kwa kidole, akasifu, na mpishi wake Gustave akatafsiri:

"Papa Kabera, anasema ngombe yako iko muzuri kupita bibi-arusi."

Nyumbani, mkewe Verdiane, aliyemwita kwa jina la binti yao Thacienne, alicheka mpaka akatua kibuyu cha maziwa. "Muntu anakuja kila siku, anakaa, anasifu ngombe. Ule njo anaomba, Papa Thacienne! Utamuacha aombe mpaka azeeke?"

Kabera hakucheka. Kwao anayetaka ng'ombe hasemi nataka. Hushinda kwa mwenyewe akisifu, mpaka apewe. Na aliyepewa huwa ndugu.

"Muntu wenye ulimupa ngombe," alisema, akionyesha nyasi za ufukweni, "hawezi kukufukuza ku majani."

Kesho yake alimwosha Bihogo, akamfunga kamba mpya, akamkabidhi Madamu. Kuhusu malisho hakutamka neno. Ng'ombe wa undugu hafungwi ombi shingoni. Aliyempokea anajua mwenyewe linalompasa. Madamu alipiga makofi kwa furaha.

Nguzo ziliendelea kusimikwa. Kabera alipokwenda kumsalimia ng'ombe, kama ilivyo desturi ya aliyetoa, alikuta ngozi nyekundu imewambwa juani.

Gustave alikuwa akimenya viazi. "Waliikula na wageni ku fete ya patron, ndugu ya Madamu. Usinikasirikie, kaka, kisu haikukuwa yangu."

"Na juu ya majani, Madamu alisema nini?"

"Majani gani? Haukumuambia kitu."

"Nilimupa ngombe!"

"Njo maana alisema merci, asante."

Madamu alitoka akitabasamu, akamvuta ndani aone picha ukutani. Bihogo alikuwepo, hata kovu la sikioni. Ziwa lilikuwepo, nyasi zilikuwepo. Kabera hakuwepo, hata kamba haikuwepo.

"Anauliza kama unaipenda," Gustave alitafsiri mlangoni.

"Muambie majani yake iko muzuri."

Uzio ulipofungwa, Kabera aliwapitisha ng'ombe waliobaki nje ya waya, kuelekea misitu ya Walikale, ambako kila mfugaji alijua ng'ombe hawadumu. Verdiane alitangulia na vibuyu. Ndani ya uzio, Madamu alikuwa amekwisha kufungua kiti chake.

"Papa Kabera!" Gustave aliita. "Anaomba mupite polepole, achore migongo yao!"

Kabera, ambaye maishani mwake hakuwahi kumchapa ng'ombe, alimchapa aliyekuwa nyuma.