Zima Tu

Mwalimu Tabu Shabani husonya kabla ya kusema. Wanafunzi wake wa udereva pale Chuno, Mtwara, wanaujua msonyo wake kuliko wanavyozijua alama za barabarani. Kuna ule mfupi, wa mtu aliyesahau indiketa. Kuna mrefu, wa aliyepanda tuta kwa gia ya tatu. Na kuna ule usioisha vizuri, unaobaki mdomoni kama mwiba wa samaki. Huo ulianza siku lori la kubeba magari liliposimama mbele ya nyumba yake Shangani na kushusha gari la mdogo wake, Waziri.

Lilikuwa gari la mbio, la milango miwili, rangi ya majivu, limelala chini kiasi kwamba kuku wa jirani walilitazama usawa wa macho. Waziri ni baharia. Alilinunua kwa hamu ya mtu anayekaa miezi mingi mahali pasipo na barabara, kisha meli ikamwita. Akapiga simu kusema gari atampa Jafari, mtoto wa kwanza wa Tabu, kijana wa miaka ishirini na miwili mwenye leseni ambayo hata mkunjo haijapata. Ila aliweka sharti.

"Siku mama yako atakaponipigia mwenyewe na kuniambia umeiva," alimwambia mpwa wake, "siku hiyo funguo ni zako."

Basi hukumu ikawekwa mikononi mwa Tabu bila mtu kumwuliza kama anaitaka. Hakuitaka. Nyuma ya kituo cha polisi kuna uwanja wa magari yaliyokunjamana, majani yameota kwenye madirisha, na Tabu anawajua waliokuwa ndani ya baadhi yake. Wawili aliwafundisha yeye. Kila apitapo pale hugeuza uso upande wa pili, kisha hujilazimisha kutazama. Sasa kijana wake mwenyewe alikuwa akimfuata jikoni, uani, mpaka kwenye kamba ya nguo, akiuliza lini. Angesema ndiyo mapema, angemzika. Angekataa milele, mtoto angekwenda kujifunza mbio kwa watu wengine, kwenye pikipiki.

Na gari lenyewe lilimchosha. Alijifunza kuendesha kwenye lori la korosho la baba yake, ambalo breki zake zilitaka kubembelezwa: kanyaga, achia, kanyaga, achia. Kupampu. Ndivyo alivyofundisha nusu ya madereva wa mji huu. Siku ya kwanza alipolitoa na kukutana na mbuzi kwenye barabara ya Shangani, alipampu kama kawaida, na gari likaenda mbali kuliko alivyotaka. Mbuzi mwingine alipotokea, alikandamiza kwa hasira, na pedeli ikampiga teke. Ilitetemeka chini ya unyayo kama kitu chenye roho. Akautoa mguu upesi. Mbuzi alijiokoa mwenyewe.

Jioni alimweleza mumewe, Hemedi, ambaye anafanya kazi kwenye mitambo ya gesi Madimba. Hemedi alifurahi kupita kiasi. Akaeleza kwamba breki hizo zinajipampu zenyewe, upesi kuliko mguu wa binadamu, na kwamba dereva anatakiwa kukandamiza na kushikilia tu, hata pedeli ipige kelele gani. Kazini kwake, alisema, zipo vali zinazojifunga zenyewe shinikizo likizidi, haziulizi ruhusa ya mtu. Ukishindana nazo unaziharibia kazi. Tabu alimwuliza kati yao wawili nani ana leseni. Hemedi, ambaye hajawahi kuendesha zaidi ya baiskeli, alirudi kwenye wali wake.

Lakini kilichomkera zaidi ilikuwa taa moja ya njano kwenye dashibodi. Ina picha ya gari dogo lililoacha nyuma yake nyayo mbili zilizopinda, na Jafari ndiye aliyeanza kuiita taa ya mlevi, kwa kuwa ilifanana na njia ya mtu anayerudi nyumbani akitoka kunywa uraka, pombe ya mabibo. Karibu na gia kulikuwa na kitufe chenye mlevi yuleyule. Hakuna aliyewahi kukigusa.

Jumamosi moja, mvua za kwanza zikiwa zimenyesha usiku kucha, Tabu alikubali kumpa Jafari mtihani. Waende Mikindani kumsalimia Bibi Rukia, mama yake Hemedi, na warudi. Jafari aendeshe. Akiendesha vizuri, Tabu atampigia Waziri simu wakiwa barazani kwa bibi.

Jafari alivaa shati lake la sikukuu ya Idi.

Pale walipoingia barabara kuu palikuwa na mchanga mwingi ulioletwa na maji. Jafari alikanyaga mafuta. Matairi ya nyuma yakakwaruza, taa ya mlevi ikapepesa, na gari likawa kama limeshikwa mkia. Nguvu zikapungua, kisha zikarudi, kisha taa ikazimika. Mbele kidogo yakatokea yaleyale.

"Linanibana, Mama," Jafari alilalamika. "Nakanyaga, halafu linakataa."

"Halikatai. Limeharibika. Egesha."

Alimpigia Riziki, fundi umeme wa magari wa Chuno, mtu anayepokea simu akiwa ameingiza kichwa kwenye boneti. Nyuma yake mtu alikuwa akigonga bati. Tabu alieleza kwa sauti ya darasani: taa ya mlevi, inapepesa likianza kuteleza, kisha inazimika. Riziki aliuliza kama inabaki imewaka. Tabu akajibu haibaki. Riziki akasema kitu kirefu ambacho bati lilikimeza, na mwishoni yakasikika maneno haya, safi kabisa:

"Zima tu, mama. Endeleeni na safari."

Tabu alishukuru, akakata. Akakibonyeza kitufe cha mlevi. Hakikufanya kitu. Akakishikilia kama kengele ya mlango wa mtu anayemdai, mpaka taa ikawaka na kubaki imewaka, bila kupepesa.

"Angalau sasa imetulia," alisema.

Jafari aliondoka tena, na safari hii gari halikumzuia. Liliruka mbele kwa mngurumo uliowatoa watu vibarazani. Kijana alicheka kwa furaha, kicheko chake cha utotoni. Aliendesha vizuri, kusema kweli. Alipunguza mwendo kwenye matuta, alimpisha mzee wa baiskeli, hakulipita basi kwenye kona. Tabu alianza kupanga maneno ya kumwambia Waziri. Mikorosho ilikuwa imelowa pande zote, na harufu ya mabibo yaliyochacha iliingia dirishani, tamu na chafu kidogo.

Kona ya kuteremka kuelekea Mikindani ilikuwa na udongo mwekundu katikati ya lami. Jafari aliingia polepole, inavyotakiwa. Kisha, akiwa bado ndani ya kona, akiiona njia mbele yake imefunguka, akaongeza mafuta kidogo.

Mkia wa gari ukaondoka.

Hapakuwa na kelele. Tabu aliona bahari, akaona mikorosho, akaiona tena bahari mahali isipostahili kuwa, kisha akaiona barabara waliyotoka. Alijisikia akisema pampu, baba, pampu, na mguu wake wa kulia ukapampu sakafu tupu upande wa abiria. Halafu gari likakaa kimya ndani ya shamba la mihogo, limetazama Mtwara, bampa la nyuma likining'inia, taa ya mlevi imewaka palepale, imetulia.

Waliulizana kama wamepona. Walikuwa wamepona. Jafari alibaki ameushika usukani kwa mikono miwili. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo, kijana aliyefeli kwa Tabu mara mbili.

"Shikamoo Mwalimu. Hiyo ndiyo ile ya kuegesha kinyumenyume?"

"Marahaba. Pita."

Alipita akicheka, na Tabu alijua kwamba kabla ya adhuhuri Chuno yote itakuwa inacheka. Akampigia Riziki. Hakumsalimia.

"Fundi, uliniambia nizime, nimezima, na sasa tuko kwenye mihogo ya watu."

"Umezima nini?"

"Taa. Kitufe. Cha mlevi."

Bati lilinyamaza kule Chuno. "Mama Jafari, mimi nilisema zima. Gari zima. Zima, halina ugonjwa. Ikipepesa ndiyo inafanya kazi, inakushikia gari lisiteleze. Nani amekwambia uizime?"

"Wewe."

"Mimi nimesema zima!"

"Na mimi nikazima!"

Walirudia neno hilo mara kadhaa, kila mmoja akilipandisha sauti kana kwamba tatizo lilikuwa masikio, mpaka Tabu akakata simu na kukaa nayo mapajani. Neno dogo hivyo. Mtu analitumia kwa mgonjwa aliyepona na kwa taa ya kulalia, na miaka yote halijawahi kumdhuru.

"Mama," Jafari alisema taratibu, "usimwambie Mjomba."

Tabu alimtazama. Shati la Idi lilikuwa limelowa mgongoni. Angeweza kusema kosa ni la kijana. Nani amekutuma kuongeza mafuta ndani ya kona? Ingekuwa kweli. Angeweza pia kumpigia Waziri na kusema ameiva, kwa sababu ya aibu ya kidole chake mwenyewe kwenye kitufe, na huyo mtoto angeondoka na funguo wiki hiyohiyo. Akafikiria ule uwanja nyuma ya polisi. Akapiga simu. Kwa bahati mbaya, Waziri alikuwa na mtandao.

"Dada! Ameiva?"

"Bado," alisema Tabu. "Na mwalimu wake bado. Gari libaki kwangu."

Waziri aliuliza bado mpaka lini. Tabu alisema akijua atamwambia, na kwamba bampa atalishughulikia. Aliposikia neno bampa Waziri alianza kuuliza mengi, na mtandao, safari hii kwa bahati nzuri, ukapotea.

Jafari alikuwa ametazama mihogo. Baadaye akanyoosha mkono, akampa mama yake funguo, akashuka kwenda kulifunga bampa kwa kamba aliyopewa na mwenye shamba, mzee mwenye hasira aliyehesabu mashina yaliyovunjika mara mbili ili wamsikie.

Tabu alikaa kwenye usukani. Alipowasha injini, taa ya mlevi iliwaka pamoja na nyingine zote, kisha ikazimika yenyewe. Gari lilikuwa limejirudishia ulinzi wake bila kuombwa na mtu, na bila kusema neno. Hilo nalo lilimuudhi.

"Ingia, baba," alimwambia Jafari. "Tafuta sehemu kavu mbele huko, isiyo na watu. Nataka kukandamiza hiyo breki mpaka mwisho nione inanifanya nini. Halafu na wewe utakandamiza. Ukipampu nakushusha."

"Lakini Mama, si wewe ndiye..."

"Nimesema ukipampu."

Alitoka shambani polepole. Matairi ya nyuma yalipokanyaga ule udongo mwekundu, gari likayumba kidogo, likashikwa, na taa ya njano ikaanza kupepesa mbele ya macho yake. Tabu alisonya, ule msonyo usioisha vizuri. Mkono wake ulikwenda mpaka karibu na kitufe, ukakaa hapo, kisha ukarudi kwenye usukani.