Bosi Wangu Alikuwa Beki, Mimi ni Beki Tatu Wake

Admin, jina langu libaki humo humo inboksi. Madam, mke wa bosi wangu, ana marafiki Watanzania, na sitaki nifukuzwe kabla sijaamua mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Tanga, nafanya kazi za ndani hapa Dubai, Al Barsha. Wabongo mnajua, sisi wadada wa kazi mnatuita beki tatu. Sasa chekeni: bosi wangu naye alikuwa beki, na jezi yake ilikuwa namba tatu. Si soka. Alicheza mpira wa magongo wa kwenye barafu huko kwao Ulaya, ule wanaovaa viatu vyenye visu chini na kugongana kama watu wanaogombea shamba. Rafiki yangu Zuhura wa Al Muraqqabat alipolisikia hilo alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo kila Ijumaa nikienda kwake ananiuliza, "Beki mwenzio hajambo?"

Hajambo wapi. Meno yake ya mbele ni ya bandia, yanalala kwenye glasi. Goti likivimba suruali haipandi. Akirudi kufundisha watoto kwenye ule uwanja wa barafu ndani ya mall anakaa jikoni, namfunga barafu gotini, naye ananisimulia. Alianza akiwa mtoto, ziwa la kijijini kwao likiganda. Akalipwa kwa kucheza mpaka mvi zikaanza kumtoka, leo timu hii, kesho ile. Magoli hakufunga, na wanaofunga ndio wanaopigwa picha. Kazi yake ilikuwa kumlinda kipa na kulaza mwili mbele ya kile kidude cheusi kigumu wanachopiga badala ya mpira. Mara moja taya lilivunjika, likafungwa, akarudi kucheza. "Beki hamwachi mwenzake," alikuwa akiniambia. Nilimpenda kama kaka, sifichi. Ndiye pekee nyumba ile aliyejua mama yangu ana sukari, na kila asubuhi aliniuliza, "Mama anaendeleaje?"

Mwaka jana mama akazidiwa. Mdogo wangu akanipigia akasema, "Dada, mama anakuulizia wewe tu. Fanya uje." Nikamwomba madam likizo, maana paspoti yangu anayo yeye, kaifungia kwenye sefu. Akanijibu, "Baada ya sherehe." Timu ya zamani ya sir, ndivyo ninavyomwita bosi, ilikuwa imeamua kuitundika jezi yake juu darini uwanjani, kwamba namba tatu haitavaliwa tena na mchezaji yeyote. Wanasafiri wote, sasa mbwa abaki na nani?

Nikamwendea sir. Akaniambia, "Usiwe na wasiwasi, nitaongea na madam. Mimi ni beki. Mtu wangu haguswi." Nikaamini, mjinga mimi. Nikaanza hata kukunja nguo za safari.

Siku ile nawaandalia chakula mezani, nikamsikia anaanza, "Kuhusu huyu dada na mama yake..." Madam hakuinua hata uso. "Tumeshaliongea, khalas, yameisha." Sir akaniomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yake. Mwanaume aliyekuwa anazuia lile dude kwa kifua alishindwa kumalizia sentensi moja kwa ajili yangu.

Wakaondoka. Mama akafariki wao wakiwa huko, akazikwa siku hiyo hiyo kama ilivyo kwetu, mimi niko Al Barsha natembeza mbwa. Kesho yake madam akanitumia video ya sherehe. Watu wamejaa, taa zimezimwa, jezi inapanda polepole, na sir analia kwenye kipaza sauti. Akasema katika maisha yake yote ya kucheza hakuwahi kumwacha mwenzake peke yake. Nilikuwa nimesimama jikoni na kanga ya msiba kichwani. Nikajibu, "Hongera sana sir." Ndipo nikawaandikia kwamba mama amefariki.

Waliporudi madam alinikumbatia, akalia machozi ya kweli, kisha akasema, "Ungetuambia kwamba hali ni mbaya kiasi kile." Sir akanipa jezi namba tatu, kaiwekea saini. Hakuweza kunitazama. Akasema, "Nilipaswa kuongea." Nilichukua, nikasema asante, nikaiweka chini ya kitanda. Sijamsamehe. Nilitaka aendelee kuona aibu kila akiniona.

Hata hilo nimenyimwa. Kichwa chake kilipigwa sana enzi zile, na sasa kinamlipiza, anasahau. Anaacha jiko linawaka. Anawaita watoto anaowafundisha kwa majina ya wachezaji wenzake wa zamani. Juzi aliiona ile jezi nimeitoa chini ya kitanda nikifagia chumbani kwangu, akaniuliza nimeitoa wapi. Na msiba wa mama yangu umemtoka kichwani kabisa. Asubuhi anakuja jikoni, anatabasamu na meno yake ya bandia, ananiuliza kama zamani, "Mama anaendeleaje?" Nami namjibu, "Hajambo sir."

Mkataba wangu unaisha mwezi ujao. Madam anataka nisaini tena, anasema sir hataki mtu mwingine amshike hilo goti. Naye mwenyewe kanishika mkono akasema, "Usiniache." Kumbe ile "beki hamwachi mwenzake" inahesabika tu anayeachwa akiwa ni yeye. Zuhura ananiambia, "Shoga, rudi kwenu, hata kaburi hujaliona." Ni kweli. Jezi ya sir hakuna atakayeivaa tena, lakini ya kwangu nikiivua leo, kesho kaivaa mwingine. Halafu namwangalia mtu mzima anatafuta miwani aliyoivaa, hasira zinanibaki mkononi sijui nimtupie nani.

Nishaurini, ndugu zangu. Nisaini, au nichukue paspoti yangu niende kwa mama? Na kesho asubuhi akiniuliza tena anaendeleaje, nimjibu nini?