Radio yangu ya mlangoni na garanti yake yenye muhuri wa machinjio

Wakuu, heshima zenu popote mlipo.

Jana nimesoma uzi wa yule ndugu aliyenunua simu kwa mtu wa begi, halafu duka rasmi la chapa ya simu hiyo likamkatalia garanti. Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kama nimekosa pumzi.

Ndugu, wewe ni mtoto mdogo katika ujinga huo. Mimi ni babu yako.

Ninayoandika ni kweli tupu. Nikijipamba mahali, Marceline, mke wangu, yuko hapa pembeni na kiwiko chake kiko tayari.

Tuko Lubumbashi, siku zile bado tunaiita Elisabethville, Katanga imejitenga na Kongo. Bendera mpya, stempu mpya, askari kila kona. Vijana wa rika langu walikuwa kwenye mikutano na kwenye dansi.

Mimi nilikuwa nyumbani.

Kusema ukweli, kabla Katanga haijajitenga, mimi nilishajitenga zamani. Nilikuwa karani kwenye ghala la unga, nimesoma sekondari, na kazi ikiisha narudi kwangu Katuba, navua viatu, siku imekwisha. Kwenda mjini Jumamosi kwangu ilikuwa kama kwenda kufanyiwa upasuaji.

Mtaniuliza mtu wa namna hii alipataje mchumba. Marceline alikuja kwangu kuchukua daftari la kaka yake, tuliyesoma naye. Mnaona? Hata mapenzi nililetewa mlangoni.

Baba yake, Papa Gaston, alikuwa karani wa reli, mtu wa makaratasi kabisa. Mali ya kuoa nilishatoa: mbuzi, blanketi, koti la mzee, vitenge vya mama. Kilibaki kitu kimoja, na bila hicho hataji siku ya ndoa.

"Radio," aliniambia. "Na karatasi yake ya garanti. Radio bila karatasi ni sanduku tu, mukwe."

Haikuwa anasa. Kila jioni watu walitaka kujua kama kesho ni kazi au ni risasi.

Radio za transista ziliuzwa mjini, kwenye duka la wakala mwenye ruhusa ya kiwanda. Kutoka kwangu ni mwendo wa saa moja kwa miguu. Niliahirisha wiki ya kwanza kwa sababu ya mvua. Wiki ya pili hakukuwa na mvua, nikaahirisha kwa sababu ya jua.

Wiki ya tatu duka likanifuata lenyewe.

Jina lake Kapambwe, mfanyabiashara wa samaki wakavu kutoka Kasenga. Alisimama mlangoni na gunia begani.

"Patron, uko unakaa tu? Nakuletea duka mpaka ku mulango."

Akatoa kapu, akatoa samaki, akatoa samaki wengine, na chini yao kabisa akatoa radio. Mpya, ndani ya boksi lake, chapa ileile ya mjini. Ilikuwa imevuka mto Luapula kutoka upande wa Waingereza, imelala na samaki safari nzima, na harufu yake ilisema hivyo.

Nikauliza garanti. Nilikuwa mtu makini, msifikiri.

"Iko. Mwaka muzima," akasema, akanipa karatasi nzuri yenye mistari. Chini kulikuwa na kisanduku cha muhuri wa muuzaji, cheupe kama shati la Pasaka.

"Na kashe iko wapi?" Ndivyo tunavyouita muhuri.

"Kashe ni wino tu, patron. Wino hata hapa Katuba iko."

Wakuu, hapo ndipo mtu mwenye akili angerudisha samaki na radio yao. Mimi nilifikiria ile saa moja ya kutembea, nikanunua.

Sasa niwaeleze vijana jambo moja. Sisi tulikulia kwenye utawala ambao karatasi isiyo na muhuri si karatasi. Kusafiri, muhuri. Baiskeli, muhuri. Mbwa, muhuri. Muhuri ni wa nani, hatukuwahi kuuliza. Tuliangalia tu kama upo, na kama ni wa mviringo.

Kwa hiyo nikampelekea karatasi binamu yangu Anselme, karani wa machinjio.

"Muhuri wa machinjio utafaa kweli?" nilimuuliza.

"Kashe iko kashe," akajibu. "Na hii ni ya Leta."

Leta ndiyo serikali kwa lugha yetu. Nilitulia. Akapiga, pah. Wino ulikuwa mwingi, maneno ya pembeni yakavimba, nikaona tu kwa Kifaransa "Imekaguliwa". Nani angekataa kitu kilichokaguliwa?

Papa Gaston aliipokea ile karatasi kwa mikono miwili kabla hata ya kuigusa radio. Aliishika juu kwenye mwanga. Akautazama ule mviringo, akaitikia kwa kichwa polepole.

"Njo vile," akasema. Ndivyo inavyotakiwa.

Radio iliimba siku tisa. Paka wa jirani walikuja kuisikiliza kila siku, mzee akadhani wanapenda muziki.

Siku ya kumi, katikati ya habari za barabara, ikakohoa, ikanong'ona, ikanyamaza. Nikaitwa.

"Hakuna shida, mukwe," mzee akasema. "Garanti iko. Twende mujini."

Nilijaribu kusingizia mvua. Hakukuwa na wingu. Alikuwa ameshavaa koti lake la reli.

Pale dukani mhudumu alikuwa mzee mpole mwenye miwani mizito. Alichukua karatasi, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali, akavua miwani, akaifuta.

"Papa, hii radio mulinunua ku duka gani?"

"Mukwe alinunua," Papa Gaston akasema kwa fahari. "Soma kashe."

Yule akasoma kwa sauti, pole pole, kama mtu anayesoma Injili.

"Machinjio ya manispaa. Imekaguliwa. Inafaa kuliwa."

Kulikuwa na wateja kama sita. Mmoja alitoka nje kwanza ili acheke vizuri.

Mhudumu hakucheka, na hilo liliuma zaidi. Akatafuta namba ya radio kwenye daftari lao, hamna. Akaeleza kwa upole kwamba mzigo huu ni wa wakala wa Ndola, ng'ambo ya mpaka. Garanti inafanya kazi kwa wakala aliyeuza, na kinachothibitisha kwamba aliuza ni muhuri wake. Matengenezo ya bure hapa, hapana.

"Lakini naweza kufungua, muone."

Akafungua. Chumvi ilikuwa imekula nyaya zikageuka kijani. Kwa kibano akatoa magamba matatu ya samaki, akayapanga juu ya karatasi ya garanti, mbele ya mkwe wangu.

Papa Gaston alitembea nyuma yangu, radio kwapani, mpaka tukafika kwake Kamalondo. Nilihesabu hatua zangu kama mtu anayesindikizwa na polisi. Nilijua ndoa imekwisha. Marceline alikuwa mlangoni, akaona uso wa baba yake, akaingia ndani.

Mzee akaketi. Akakunja ile karatasi.

"Radio ilikufa. Garanti ni ya nyama. Sasa garanti njo weye."

"Papa?"

"Kila jioni utakuja hapa. Utasema habari. Mpaka ulete radio ya kweli yenye kashe ya kweli. Ukikosa siku moja, chukua mbuzi yako."

Wakuu, mimi. Mtu wa kuvua viatu saa kumi na moja.

Kila siku baada ya kazi nilisimama dirishani kwa jirani yangu mwalimu, nasikiliza radio yake, halafu nakimbia Kamalondo kabla askari hawajafunga njia. Mzee alinikalisha palepale radio ilipokuwa imekaa.

"Stesheni ya Katanga inasema nini?"

Nasema: tumeshinda.

"Geuza. Léopoldville banasema nini?"

Nasema habari za mji mkuu wa Kongo: wameshinda wao, mahali palepale.

"Hii radio iko na makelele mingi leo," alikuwa anamwambia Marceline, na Marceline alikuwa anakuja kunizungusha sikio kama kitufe. Hakunihurumia hata siku moja.

Mama yake alikuwa nyuma ya pazia la jikoni. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawasemeshani mpaka atolewe kuku wa kufungua kinywa. Kwa hiyo kwake nilikuwa radio kamili: sauti bila sura.

"Marceline," pazia lilisema siku moja, "uliza radio, njia ya Kasenga iko wazi?"

Dada wa mama mkwe alikuwa Kasenga na watoto, na kwa majuma kadhaa hakupata neno lake. Sikuwa nimesikia chochote kuhusu njia hiyo. Ningeweza kusema iko wazi, nikawahi kwangu. Nikafungua mdomo.

"Mwambie mama, radio haijui."

Pazia likasogea kidogo.

"Aksanti," likasema.

Siku iliyofuata niliingia sokoni, mimi mwenyewe kwa miguu yangu, nikauliza madereva wa magari ya samaki mmoja mmoja. Dada yuko salama, na watoto pia. Nilipotoa habari hiyo nilisikia mtu anapenga kamasi nyuma ya pazia.

Miezi mitatu baadaye nililipia radio dukani kwa yule mzee wa miwani. Kabla ya kutoa pesa nilimwomba apige muhuri mbele yangu, nikasoma kila neno. Yeye hakuudhika.

Papa Gaston akawasha. Ikaongea Kifaransa safi, haraka, bila kupumua. Tukasikiliza wote.

Pazia likasema, "Marceline, uliza hii mupya habari ya Kasenga."

Marceline akazungusha kitufe; radio ikaendelea na Kifaransa chake.

"Hii inajua kila kitu," likaendelea, "lakini haisemake 'sijui'. Baba, mupe ule mutoto siku yake."

Mzee akataja Jumamosi ya pili kutoka siku ile.

Siku ya ndoa nikatoa kuku wa kufungua kinywa. Mama mkwe akanitazama usoni mara ya kwanza, muda mrefu. Watu wakasogea wasikie baraka.

"Mukwe," akasema, "ulikuwa unapiga makelele sana. Nilikuwa nyuma ya pazia, sikuwa Léopoldville."

Wakuu, fundisho langu ni hili: muuzaji akikufuata mpaka mlangoni, muulize kitakapoharibika utamfuata mlango gani. Na muhuri usomeni wote, hasa pale wino ulipovimba.

Haya, na wewe mwenye aibu yako kabatini, itoe hapo chini tuikague. Vijana mnaotaka kunicheka, chekeni taratibu, Marceline anasoma majibu yote na anachagua ya kunisomea wakati wa kula.