Kila Roble na Mvua Yake

Mama muuza maziwa ya ngamia hapa Galbet akiita "Roble!", wanaume watatu hugeuka. Kwa Kisomali jina hilo ni la mvua, naye husimulia jinsi kila mmoja alivyolipata huku akipangusa madumu yake yaliyofukizwa moshi. Muuza nyama alizaliwa kukinyesha. Dereva wa lori alizaliwa wakati wa ukame, akapewa jina kama dua. Mwenye mkokoteni alirithi la babu yake, aliyeingia mji wa Modogashe pamoja na mawingu ya mvua. Mwaka huu mvua imekawia na maziwa yamepungua. Sauti yake kupungua, wapi! Jana mabati yalipoanza kulia, alitoka na dumu tupu, akainua uso, akaita, "Roble!" Wote watatu wakaja mbio. "Rudini kazini, wallahi," akacheka, amelowa chapachapa. "Leo sikuwaita nyinyi."